Massey la Kawe

Kawe haina mashamba, lakini ina matrekta. Hupita asubuhi na matrela ya tofali, mchanga na matangi ya maji, yakielekea Mbezi Beach, Kunduchi na Tegeta, ambako ujenzi haujawahi kupumzika. Mengi yana umri mkubwa kuliko vijana wanaoyaendesha. Miongoni mwayo lipo Massey Ferguson 165 moja, jekundu lililopauka, vibati vya pembeni mwa injini vimeshatupwa siku nyingi. Wenye matrela wanaliita Babu, nao wanaapa kwamba linapanda na mzigo mahali ambapo matrekta mapya yanazikwa na mchanga. Nilikwenda kulitazama na kumuuliza fundi wake swali nililolibeba tangu utotoni: nguvu ya kuvuta hutoka wapi, na fundi anaweza kuiongeza kwa kiasi gani kwenye injini ya zaidi ya miaka hamsini bila kuiua?

Nimekulia Kilosa, kando ya mashamba ya mkonge, ambako mlio wa injini za Perkins ulituamsha kabla ya jogoo. Madereva wa trekta walikuwa watu wa heshima pale kijijini, na jioni ubishi wao ulikuwa mmoja tu, la nani linavuta zaidi. Haukuwahi kuamuliwa kwa kipimo. Marekani waliuamua zamani kwa kuugeuza mchezo. Walianza na farasi: mlango wa ghala unalazwa chini, farasi anafungwa, watu wanapanda juu ya mlango mmoja mmoja hadi mnyama ashindwe kuuburuta. Mwaka 1929 yakafanyika mashindano ya matrekta yenye injini huko Vaughnsville, jimbo la Ohio, na Bowling Green, jimbo la Missouri. Mwaka 1969 kikaundwa chama cha taifa ili sheria ziwe moja kila jimbo. Siku hizi trekta huburuta gari maalumu lenye sanduku la uzito. Kadiri magurudumu ya gari hilo yanavyozunguka, sanduku linasogea mbele kuelekea trekta na kukandamiza bamba la chuma linaloburuzwa ardhini, kwa hiyo mzigo unazidi kuwa mzito kila hatua. Atakayemaliza futi 300, yaani kama mita 91, amevuta vyote. Wengi husimama njiani, magurudumu yakichimba.

Afrika Mashariki hatuna mashindano ya namna hiyo. Tulicho nacho kwa karibu ni ya kulima: mwaka 1995 na tena mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, kilipokea mashindano ya dunia ya kulima kwa plau, ambako mshindi ni aliyenyoosha mifereji na kufukia majani vizuri, si aliyevuta kwa nguvu. Lakini ubishi wa Kilosa upo hai Kawe, na wanaoubishia wana injini, minyororo na mzigo wa kutosha. Ndiyo maana nilifunga safari.

Kutoka Temeke hadi Kawe ni karibu kwenye ramani tu. Nilishuka kwanza Gerezani kwa sababu fundi alikuwa amenipa kazi kwenye simu. "Kwa kuwa unapita mjini, mwanangu, nichukulie nozeli zangu kwa fundi pampu. Mwambie azijaribu mbele yako, ndipo umlipe." Gerezani ni mtaa wa chuma. Huku wanachomelea mageti, kule wanachonga shafti, pembeni mtu amekalia ndoo anasugua vali kwa unga wa kusagia. Fundi pampu yeye alikuwa ndani, kwenye chumba kilichofagiliwa kikang'aa, kwa kuwa chembe moja ya vumbi inatosha kukwama kwenye sindano ya nozeli.

Alifunga nozeli ya kwanza kwenye kipimio chenye mkono wa chuma na saa ya presha, akausukuma mkono taratibu. Mshale ukapita 150, ukafika 175, na hapo nozeli ikalia mlio mkavu wa kukwaruza, ikatema ukungu mwembamba usioacha hata tone. Nilitaka kupitisha kidole kwenye ule ukungu. Akanishika mkono kwa nguvu. Dizeli inayotoka kwa presha ile hupenya ngozi ikaingia mwilini, na mafundi wamekatwa vidole kwa sababu hiyo. Ya pili ikalia vizuri. Ya tatu ilifunguka mapema, ikatoa mchirizi mmoja mrefu na kubakiza tone linaloning'inia mdomoni. "Hii inakojoa," alisema, akaifungua, akasafisha sindano na kiti chake, akairudisha, akakaza skrubu ya springi kidogo kidogo mpaka saa ikakubali. Ya nne haikuwa na neno. Nilizifunga kwenye kitambaa safi, nikazibeba mapajani hadi Kawe.

Daladala ilipita Morocco, ikaingia Barabara ya Mwai Kibaki, ambayo wazee bado wanaiita Bagamoyo ya zamani. Mikocheni ilikuwa na foleni ya kawaida. Baada ya daraja la Mto Mlalakuwa upepo wa bahari ukaanza kusikika dirishani, na muda si mrefu tukawa Kawe, sokoni, penye samaki wa kukaanga, boda boda na kelele za makondakta.

Kawe ya leo huielewi bila Tanganyika Packers. Hiki kilikuwa kiwanda cha nyama ya kopo, kilichoanzishwa enzi za mkoloni kwa ubia wa serikali na kampuni ya Liebig. Ng'ombe waliletwa kutoka bara, wakaingia hai upande mmoja, wakatoka upande wa pili ndani ya makopo yaliyosafirishwa hadi ng'ambo. Mji ulikua kukizunguka. Mashine zake zilihitaji mafundi, na mafundi hao walifundisha vijana, na vijana hao wakafungua gereji zao chini ya mikungu na miarobaini. Kiwanda kilisimama zamani. Uwanja wake umebaki kuwa wa mpira na mikutano mikubwa ya injili, lakini ufundi haukuondoka na wenye kiwanda.

Gereji niliyokuwa naifuata haina kibao. Ni uwanja wenye mkungu, kontena la vifaa, na mifupa ya matrekta kadhaa yaliyotolewa spea hadi yakabaki ekseli.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Zimelia?"

Nikamwambia tatu zimelia na moja imerekebishwa mbele yangu. Akazipokea kwa mikono miwili, akazinusa, akaziweka juu ya gazeti. Ni mzee mwembamba, nywele nyeupe, aliyejifunza kazi kwenye mashamba ya NAFCO wakati shirika hilo lilipokuwa na matrekta ya kila rangi. Alisema pale ndipo alipojua kwamba trekta haliharibiwi na kazi, linaharibiwa na haraka.

Babu lilikuwa limefunguliwa upande wa kushoto. Massey 165 lilianza kuundwa Coventry, Uingereza, katikati ya miaka ya 1960, na matoleo ya mwanzo yalibeba Perkins ya silenda nne, lita 3.3, yenye nguvu za farasi 58 hivi. Ni injini isiyo na umeme wa kuiamuru, kompyuta wala tabo. Kila kitu kinachoongoza nguvu yake unaweza kukishika kwa mkono.

Nilitarajia tuanze na pampu ya dizeli, maana kila kijana wa Kawe niliyemuuliza kuhusu kuongeza nguvu alinijibu kwa neno moja: "Fungua pampu." Fundi alinipeleka kwenye chujio la hewa.

"Wote wakija hapa wanataka nimwage dizeli," alisema. "Mimi namuuliza mtu, hewa umeipa?"

Hesabu yake ni rahisi, na ningependa ifundishwe katika kila chuo cha ufundi. Injini ya lita 3.3 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika huvuta hewa lita 3,300 kila dakika, kwa kuwa kila silenda hujaa mara moja katika mizunguko miwili. Lita moja ya dizeli, ili iungue yote, huhitaji karibu lita 10,000 za hewa. Ukikokotoa utaona kwamba injini hii, hata ikivuta hewa yake yote bila kizuizi, haiwezi kuchoma zaidi ya lita 20 kwa saa, na kiuhalisia moshi mweusi huanza mapema zaidi ya hapo, maana dizeli na hewa havichanganyiki kikamilifu. Katika kazi ya juu Massey hili hutumia lita 12 hadi 13. Nafasi iliyobaki ni ndogo. Ukipitisha hapo, unachokiona kinatoka kwenye ekzosi ni dizeli iliyogeuka masizi.

Chujio la Massey la zamani halina karatasi. Lina bakuli la oili chini, hewa inapigwa kwenye oili, vumbi linanasa. Alipofungua bakuli la Babu, oili ilikuwa imegeuka tope zito la rangi ya kahawa, na wavu wa juu umeziba kwa vumbi la saruji. Trekta lilikuwa likivuta pumzi kupitia tope. Akaosha wavu kwa dizeli mara kadhaa, akaupuliza, akajaza oili mpya mpaka kwenye alama, si zaidi, kwa sababu ikizidi injini itainyonya. Kisha akavua bomba la ekzosi na kuligonga kwa nyundo. Kutu na masizi vikamwagika chini.

Baadaye ilikuja zamu ya vali. Akazungusha injini kwa mkono, akachomeka fila ya milimita 0.30 kati ya roka na vali, injini ikiwa baridi, akakaza na kulegeza tapeti moja baada ya nyingine. Mbili zilikuwa zimebana. Vali isiyofunga kabisa huvujisha mgandamizo, na dizeli haiwashwi na cheche, inawashwa na joto la hewa iliyogandamizwa. Ukipoteza mgandamizo umepoteza moto wenyewe.

Akarudisha pia temostati. Hili linanihusu moyoni, kwa kuwa ni desturi mbaya iliyoenea nchi nzima: trekta likichemsha mara moja, temostati inatolewa na kutupwa, na tangu siku hiyo injini inafanya kazi ikiwa vuguvugu. Injini ya dizeli iliyo baridi haichomi vizuri, slivu zinalika, oili inachafuka, nguvu inapungua. Kinachotakiwa ni kusafisha rejeta na kukaza mkanda wa feni. Fundi alikuwa na temostati za zamani ndani ya kopo. Alizichemsha kwenye sufuria yenye kipimajoto, akachagua ile iliyofunguka mahali pake.

Baada ya nozeli kurudishwa ndipo alipoigusa pampu. Ni pampu ya CAV ya kuzunguka, aina ya DPA, ambayo imeenda kwenye maelfu kwa maelfu ya matrekta duniani. Ubavuni ina kifuniko kidogo kilichofungwa kwa waya wenye lakiri ya risasi. Ndani, ukizungusha injini taratibu, hujitokeza bamba lenye pengo, lililobanwa na skrubu mbili. Ukilegeza skrubu na kulisogeza bamba upande mmoja, dizeli inaongezeka. Upande wa pili, inapungua. Alilisogeza kwa kigongo kidogo cha shaba, unene wa ukucha, akafunga, akawasha, akakaza macho kwenye ekzosi huku msaidizi wake akiibebesha injini mzigo kwa haidroliki. Kikatoka kivuli chembamba cha kijivu, kikapotea. Akafunga kifuniko. "Hapo imeshiba. Zaidi ya hapo inatapika."

Nilimuuliza kuhusu tabo. Alinijibu kwa kunionyesha pistoni iliyokuwa kwenye kontena, utosi wake umetoboka na kingo zake zimetiririka zikaganda. Pistoni ni za aluminiamu, na aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi joto 660. Injini hii haikuundiwa tabo, na chini ya pistoni zake hakuna mrija wa kurusha oili ya kupoza. Ukiisukumia hewa na dizeli nyingi bila kubadili pistoni, gasketi, mfumo wa oili na upoozaji, utapata nguvu za ajabu kwa muda wa kupanda mlima mmoja. Huko Marekani na Uholanzi wenye mashindano wanajenga injini upya kuanzia chini kwa ajili hiyo. Wana fedha na wanajua itakufa. Trekta la Kawe lina watoto wa shule wanaolitegemea.

Kitu kingine kinachozimaliza pampu hizi ni uchakachuaji. DPA haina oili yake, inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni kavu, inakwaruza rota, na pampu inapoteza presha kimyakimya. Mwaka 2010 mamlaka ya udhibiti ya EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwanasa wachakachuaji, na mafundi wa pampu wanajua thamani ya hatua ile kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu wao ndio wanaoona vyuma vilivyoliwa. Dizeli ya kwenye madumu, ya bei ya kunong'onezana, bado ipo. Fundi hairuhusu iingie kwenye tangi la Babu.

Mpaka hapo tulikuwa tumelirudishia trekta kile lilichotoka nacho kiwandani, pengine na farasi wawili watatu juu yake. Siri ya kupanda mchanga ilikuwa haijafunuliwa. Alichukua chaki, akaanza kuandika kwenye madigadi.

Farasi 58 ni kilowati 43. Gia, difu na tairi zinakula sehemu, tuseme zimebaki 30 kwenye ndoano. Trekta likienda kilomita 5 kwa saa, kilowati 30 zinatosha kuvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 2,000. Akapiga mstari. Trekta lenyewe lina uzito wa kama tani mbili, na si uzito wote uko kwenye tairi za nyuma. Ardhi ngumu huirudishia tairi nusu ya uzito ulio juu yake au zaidi kidogo. Mchanga wa Kawe hutoa pungufu sana. Maana yake, kwenye mwendo wa polepole injini ina nguvu mara mbili ya kile ambacho tairi zinaweza kushika. Tairi zitazunguka bure muda mrefu kabla injini haijalemewa.

Nilisimama kimya mbele ya ile madigadi. Miaka yote ya ubishi wa Kilosa ilikuwa juu ya injini, na kumbe kwenye mwendo ule injini haikuwa na kosa.

Ndipo akanionyesha tairi. Tairi za nyuma za Babu zimejazwa maji hadi robo tatu, karibu lita 200 kila moja, kwa hiyo zimeongeza kilo 400 chini kabisa, mahali zinapohitajika. Presha ameishusha hadi psi 12 ili tairi ilale na kukanyaga eneo kubwa. Mbele ameweka vyuma vilivyotoka kwenye mizani ya zamani. Na ndoano ameipima kwa rula. Mzigo unapovutwa kwa nguvu ya kilo 1,500 kutoka kwenye ndoano iliyo sentimita 50 juu ya ardhi, kwenye trekta ambalo magurudumu ya mbele na ya nyuma yametengana mita 2.1 hivi, zaidi ya kilo 350 huhama kutoka mbele kwenda nyuma. Mzigo wenyewe unaikandamiza tairi. Ukipandisha ndoano, uzito zaidi unahama na tairi zinashika zaidi, mpaka mbele kunakosa uzito kabisa. Mtu akifunga mnyororo juu ya ekseli ya nyuma, trekta linanyanyuka na kumpindukia dereva mgongoni kabla hajafikia klachi. Aliposema hayo fundi alikunja uso. Kuna dereva aliyemzika kwa sababu hiyo, na hakutaka kueleza zaidi.

Nchi hii iliwahi kulipia somo hilohilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga Kongwa, Nachingwea na Urambo, wakilenga zaidi ya eka milioni 3. Waliamini mashine zitamaliza pori. Walinunua matrekta na mabuldoza yaliyotumika vitani, na kampuni ya Vickers ikageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Nguvu ilikuwepo. Ardhi ya Kongwa, kiangazi kilipoingia, iligeuka ngumu kama saruji, mizizi ikakatakata minyororo, majembe yakavunjika, na spea zikawa mbali. Mpango ulifungwa mwaka 1951, mamilioni ya pauni yakiwa yamezama. Waliopanga walihesabu farasi za injini bila kuiuliza ardhi. Baadaye tukapata Valmet za Finland zilizounganishwa Kibaha, kisha Farmtrac na New Holland zilizoletwa na SUMA JKT kutoka India wakati wa Kilimo Kwanza, na bado kwenye vijiwe mazungumzo huanza na kuishia kwenye farasi.

Jumamosi alasiri ubishi ukapimwa. Nyuma ya gereji ipo njia ya mchanga yenye mpando mfupi, inayotokea kwenye barabara ya kifusi kilichoshindiliwa. Kijana mmoja alileta Ford 5000 lake, trekta zuri lenye injini kubwa kuliko ya Massey, ambalo alikuwa ameliwekea tabo ya lori lililokufa na kufungua pampu mpaka mwisho. Trela lilikuwa moja kwa wote wawili, limejazwa tofali za inchi sita. Walifunga mnyororo, si kamba ya nailoni. Kamba ikikatika hurudi na kuua. Watu wote walisogezwa mbali.

Ford liliondoka kwa kishindo. Moshi mweusi ukaufunika mkungu, tairi zikazunguka, zikachimba, na katikati ya mpando difu ikalala kwenye mchanga. Wakalitoa kwa majembe. Babu likaingia na gia ya pili ya lo, dereva akaachia klachi kwa upole, tairi zikalala, zikatambaa. Hapakuwa na moshi. Mlio wa injini haukubadilika kutoka chini hadi juu, na trela likafika kwenye kifusi.

Vijana walishangilia, nami nilishangilia nao, lakini mwenye Ford aliomba jaribio jingine na alikuwa na haki. Tuvute kwenye kifusi, alisema, kwa gia ya mbio. Fundi akakubali bila kubisha. Pale ardhi ilishika. Babu lilipowekewa gia ya kwanza ya hai, likasogea, likaanza kulemewa, mlio ukashuka, gavana ikamimina dizeli yote iliyoruhusiwa, injini ikazima. Ford likapita na trela lilelile kwa mwendo wa mtu anayekimbia, moshi ukipungua kadiri tabo ilivyozidi kuzunguka. Hesabu ya chaki ilikuwa imetabiri: ukiongeza mwendo mara mbili, mvuto unaopatikana kutoka kwenye nguvu ileile unabaki nusu. Hapo ndipo farasi zina kazi yake. Wanaoshindana ng'ambo hutafuta maelfu ya farasi kwa sababu wanavuta kwa kasi kubwa, magurudumu yakipaa juu ya udongo badala ya kuzama. Mchanga wa Kawe hauhitaji hilo. Kifusi kinahitaji.

Mwenye Ford alimwendea fundi na kumuuliza, kwa adabu, "Mzee, nikijaza maji tairi zangu?" Wakainama pamoja chini ya lile Ford mpaka giza.

Mimi nataka mashindano haya yafanyike Kawe, hadharani, kwa sheria. Mafundi hawa wanastahili kuonekana, na hakuna maonyesho yanayowapa nafasi; Nanenane hupangwa matrekta mapya yaliyofutwa vumbi, na mtu aliyelifufua la mwaka 1965 anaingia kama mtazamaji. Vijana watavutana hata wasiporuhusiwa. Huko Punjab, India, hufunga matrekta mawili mgongo kwa mgongo na kuvutana, na vijana wengine hucheza nayo michezo ya kuyasimamisha kwa magurudumu ya nyuma. Mwaka 2023 serikali ya jimbo ililazimika kupiga marufuku michezo ya hatari ya matrekta baada ya kijana kufa. Kusubiri kifo ndipo sheria ije ni uzembe.

Jioni ile, wakinawa mikono kwa sabuni ya unga, walianza kuzipanga wenyewe. Ndoano isizidi sentimita 50 kutoka ardhini, ipimwe na mtu asiye na trekta. Mnyororo wenye alama ya uzito. Dereva mmoja, hakuna wa kukaa kwenye madigadi. Kila trekta lifungwe waya kutoka kwenye kizimio cha pampu hadi kwenye trela, ili mnyororo ukikatika injini izime yenyewe. Madaraja mawili, la mchanga kwa injini zisizo na tabo na la kifusi kwa atakaye. Walibishana sana kuhusu moshi, kama unaozidi kiasi utoe mtu mashindanoni au umpunguzie mita. Mwenye Ford alitaka mita. Fundi alitaka nje. Nilipoondoka kuwahi gari la mwisho la mjini walikuwa bado hawajaelewana.